Macheo na Machweo ya Ikwinoksi Kwenye Duara la Mawe: Majibu kwa Wanaouliza

Karibu na uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, katika mji wa Amherst huko Marekani, kuna duara la mawe yaliyosimamishwa wima, marefu kuliko mtu mzima. Linaitwa Sunwheel, yaani Gurudumu la Jua. Kila mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, wanaastronomia wa chuo hicho huwaalika wakazi waje alfajiri kulitazama jua likichomoza, na jioni kulitazama likizama. Anayefika hapo kwa mara ya kwanza huwa na maswali yake, na anayezisikia habari hizi akiwa Mombasa au Bukavu huwa na mengine. Hapa tumeyajibu ya pande zote mbili.

Ikwinoksi ni nini?

Ni ule wakati jua linapokuwa juu ya ikweta barabara, likiwa njiani kutoka upande mmoja wa dunia kwenda wa pili. Dunia hulizunguka jua ikiwa imeinama: mhimili wake umelala kwa nyuzi 23.4, na huelekea upande uleule mwaka mzima. Ndiyo maana mwezi Juni nusu ya kaskazini huwa imelielekea jua, na Desemba huwa imelipa kisogo. Kati ya hali hizo mbili kuna nyakati mbili ambapo hakuna nusu inayopendelewa. Moja aghalabu huangukia Machi 20 au 21, nyingine Septemba 22 au 23.

Watu husema "siku ya ikwinoksi", lakini kwa hesabu kamili ni dakika moja tu, na dakika hiyo ni moja kwa dunia nzima. Mwaka 2026, kwa mfano, ile ya Machi ni tarehe 20, saa 11:46 jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Amherst wakati huo ni saa 4:46 asubuhi. Ile ya Septemba ni ya kuchekesha kidogo. Nairobi inakuwa saa tisa za usiku, kalenda imeshageuka kuwa tarehe 23, huku Amherst bado ni tarehe 22, saa mbili usiku, na jua limeshazama zamani. Kwa hiyo anayekwenda kwenye mawe asitarajie kuishuhudia dakika yenyewe. Anashuhudia macheo au machweo yaliyo karibu nayo, na hilo linatosha kabisa, kwa sababu tutakazozieleza mbele.

Tarehe huyumba kwa kuwa dunia humaliza mzunguko wake kwa siku 365 na karibu saa sita. Saa hizo husukuma ikwinoksi mbele kila mwaka, hadi mwaka mrefu wa Februari 29 uje kuirudisha nyuma.

Je, siku hiyo mchana na usiku hulingana kabisa?

Hapana, ingawa vitabu vingi vya shule husema hivyo. Mchana huzidi kwa dakika kadhaa. Kwanza, macheo huhesabiwa tangu ukingo wa juu wa jua unapochungulia, si katikati yake. Pili, hewa hupinda mwanga, hivyo tunaliona jua kabla halijafika kweli kwenye upeo wa macho. Ukijumlisha mambo hayo mawili, mchana wa ikweta huwa saa 12 na kama dakika 7 kila siku ya mwaka. Amherst, siku ya ikwinoksi, huzidi kwa kama dakika 10, na siku ambayo mchana na usiku hulingana sawasawa huwa imeshapita siku chache kabla ya ikwinoksi ya Machi.

Kwa nini mawe yanahitajika? Si jua huchomoza mashariki kila siku?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote. Jua halichomozi mashariki kila siku. Huchomoza upande wa mashariki, lakini mashariki halisi, yaani pale kwenye nyuzi 90 kutoka kaskazini, hupafikia mara mbili tu kwa mwaka. Siku hizo mbili ndizo za ikwinoksi, na jambo hili ni kweli Amherst, Nairobi, Muscat na popote pengine isipokuwa kwenye ncha za dunia.

Siku nyingine zote jua hutangatanga. Amherst iko kwenye latitudo ya nyuzi 42.4 kaskazini. Huko, macheo ya Juni hutokea karibu nyuzi 33 kaskazini ya mashariki halisi, na ya Desemba karibu nyuzi 33 kusini yake. Ukisimama mahali pamoja mwaka mzima utaona jua likipita eneo kubwa la upeo wa macho, kwenda na kurudi. Jiwe husaidia kwa sababu lenyewe haliendi popote. Lile la mashariki limewekwa pale jua linapotokea kwenye ikwinoksi, mengine yamewekwa penye macheo na machweo ya Juni na ya Desemba, nyakati ambazo jua hufika mwisho wa safari yake na kugeuka. Wataalamu huziita solistasi. Mtu akija mara moja ataona jua zuri juu ya jiwe, akapiga picha, akaenda zake. Akija Machi kisha Juni, hapo ndipo atakapoelewa kilichojengwa. Mimi ningependa waalikwa waambiwe hivyo kwenye tangazo lenyewe, maana wengi huja mara moja na kudhani wamemaliza.

Mwendo wenyewe hauko sawasawa. Wakati wa solistasi jua huonekana kama limesimama. Kwa siku nyingi huchomoza karibu palepale. Wakati wa ikwinoksi huwa katika mbio zake za juu kabisa. Pale Amherst pahala pa macheo husogea kila siku kwa kiasi kinachokaribia upana wa jua lenyewe. Maana yake ni kwamba ukikosa siku rasmi kwa sababu ya mawingu, kesho yake bado jua litakuwa jirani kabisa na jiwe lake, umbali wa jua moja hivi. Ukikosa wiki nzima, umechelewa.

Kuna jambo la vilima pia. Penye kilima upande wa mashariki jua hukawia kuonekana, na wakati linakawia huwa linaendelea kupanda. Amherst halipandi wima. Hupanda kwa mshazari, likielemea kulia, yaani kusini. Kwa hiyo kilima chenye kimo cha nyuzi moja hulisogeza jua karibu nyuzi moja kusini ya mashariki halisi kabla halijaonekana. Anayejenga duara lake mwenyewe bila kulijua hilo atalaumu mawe bure. Ikweta tatizo hili halipo, kwa sababu siku ya ikwinoksi jua hupanda wima kabisa, na kilima huchelewesha tu.

Nisimame wapi, na nije saa ngapi?

Simama katikati ya duara, uso ukielekea jiwe la mashariki wakati wa macheo na la magharibi wakati wa machweo. Kwa saa za Massachusetts, macheo ya Machi huwa saa moja kasoro dakika chache asubuhi, na machweo saa moja jioni. Septemba yote mawili huwahi kidogo. Fika mapema: mapambazuko ya huko ni marefu kuliko ya kwetu, na jua huchukua kama dakika tatu tangu kuchungulia hadi kutoka lote, wakati ikweta humaliza kwa dakika mbili na sekunde chache.

Ardhi ya pale huwa na majimaji, hivyo vaa viatu vinavyoivumilia. Machi ya Massachusetts bado ni baridi kali, na theluji huweza kuwapo. Wageni kutoka nchi za joto hudanganywa na jina la "majira ya machipuko" wakaja na sweta moja. Mvua ikinyesha mkutano hufutwa.

Usitazame jua tu. Jua likishatoka, geuka nyuma: kivuli cha jiwe la mashariki hulala chini moja kwa moja kuelekea magharibi, kikipita katikati ya duara. Watu wengi hukikosa kivuli hicho kwa sababu wote wameelekeza simu zao mbele.

Macho yangu yako salama?

Si moja kwa moja. Jua jekundu lililogusa upeo wa macho huwa limepunguzwa makali na hewa nyingi linayopita, na ni kawaida watu kulitupia jicho. Kulikazia macho ni jambo jingine. Sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga haina hisia ya maumivu, kwa hiyo mtu huweza kuunguzwa asijue hadi baadaye, anapoona doa lisilotoka. Dakika chache baada ya macheo jua huwa limesharudisha ukali wake wote.

Miwani ya kawaida ya jua haizuii madhara hayo, hata ikiwa nyeusi namna gani. Miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua, yenye alama ya ISO 12312-2, ndiyo inayofaa. Darubini isiyo na kichujio maalumu cha mbele usiielekeze kwenye jua hata kwa sekunde moja, na usimpe mtoto aishike. Watoto waoneshwe vivuli, huvipenda zaidi.

Nani aliyejenga Sunwheel?

Ni kazi iliyoasisiwa miaka ya 1990 na Judith Young, profesa wa astronomia wa chuo hicho, aliyejulikana kwa utafiti wake juu ya gesi katika magalaksi. Mama yake alikuwa Vera Rubin, mwanaastronomia ambaye vipimo vyake vya magalaksi viliwashawishi wengi kwamba ulimwengu umejaa maada isiyoonekana. Judith Young alifariki mwaka 2014, na wenzake wameendeleza mikutano ya macheo na machweo.

Mawe mengine pale ni ya mwezi, si ya jua. Mwezi nao hutangatanga kwenye upeo wa macho, na kila miaka 18.6 hufika mbali kuliko jua linavyoweza kufika. Mara ya mwisho ilikuwa 2024 na 2025. Aliyekosa atasubiri hadi karibu 2043.

Na Stonehenge? Si ndiyo ilijengwa kwa ajili ya ikwinoksi?

Hapana. Mhimili wa Stonehenge, kule kusini mwa Uingereza, umeelekezwa kwenye macheo ya Juni upande mmoja na machweo ya Desemba upande wa pili, yaani solistasi. Mawe makubwa yalisimamishwa yapata miaka 4,500 iliyopita. English Heritage, shirika linaloitunza, hufungua duara la ndani alfajiri kwa watu wote mara nne kwa mwaka, na mbili kati ya hizo ni ikwinoksi. Ndiyo maana picha za Machi huzagaa kila mahali na kuwafanya watu waamini kwamba mawe yaliwekwa kwa siku hiyo.

Clive Ruggles, mtaalamu wa akiolojia ya anga wa Uingereza, aliandika mwaka 1997 makala ya kuhoji ikwinoksi inayotafutwa kwenye mawe ya kale ni ya nani hasa. Hoja yake inaeleweka. Mkulima wa kale hakuhitaji kitabu kuiona solistasi: jua lenyewe husimama na kugeuka. Ikwinoksi haina ishara kama hiyo. Kuipata inabidi uhesabu. Ukigawa kwa mbili siku zilizo kati ya solistasi moja na nyingine utapata tarehe moja. Ukigawa umbali wa macheo kwenye upeo wa macho utapata nyingine. Hazilingani, kwa sababu dunia hukimbia zaidi inapokuwa karibu na jua mwezi Januari: kutoka ikwinoksi ya Machi hadi ya Septemba kuna siku 186 hivi, lakini kurudi ni 179 tu. Tofauti ya tarehe hizo mbili ni kama siku mbili. Kusema kwamba watu wa kale walikuwa na "siku ya ikwinoksi" kama yetu ni kuwavisha mavazi yetu.

Hayo hayapunguzi kitu kwa Sunwheel, ambayo ilijengwa na wanaastronomia waliojua hasa wanachotafuta. Yanapunguza tu maneno ya waongoza watalii.

Afrika Mashariki tunayo mawe kama hayo?

Yapo mawe ya kusimamishwa, na kisa chake kinafaa kusimuliwa. Karibu na Kalokol, magharibi ya Ziwa Turkana, kuna nguzo 19 za mawe meusi ya volkano zinazoitwa Namoratunga. Wenyeji husimulia kwamba ni watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe. Mwaka 1978 watafiti B. M. Lynch na L. H. Robbins walichapisha katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zimepangwa kuelekea nyota saba zinazotumiwa katika kalenda ya Waborana. Habari ilisambaa, na bado inasambaa mitandaoni kama jambo lililothibitika. Lakini mwaka 1982 Robert Soper alipima upya na kuonesha kwamba mawe hayo yana sumaku, nayo huipotosha dira inayosogezwa karibu, hivyo vipimo vya kwanza vikatiliwa shaka.

Utafiti wa baadaye kwenye maeneo ya nguzo kandokando ya ziwa umetoa jambo ambalo kwangu mimi lina mvuto kuliko nyota. Ni makaburi ya pamoja ya wafugaji wa mwanzo wa eneo hilo. Pale Lothagam North, mojawapo ya maeneo hayo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa chini ya jukwaa moja, miaka kati ya 5,000 na 4,300 iliyopita, watoto kwa wazee. Anayekwenda Kalokol kutazama macheo aende, ni pazuri. Ajue tu kwamba huenda amesimama makaburini, na ajiheshimu.

Sisi tulio karibu na ikweta, ikwinoksi inatuhusu nini?

Urefu wa mchana kwetu haubadiliki sana. Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko wote huuzidi ule mfupi kwa dakika 47 hivi. Nairobi ni chini ya dakika 10. Amherst hutoka saa 9 za Desemba hadi zaidi ya saa 15 za Juni. Saa yetu ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza, inawezekana kwa sababu hiyo tu. Amherst jua huweza kutoka saa 11 na robo alfajiri mwezi Juni, na saa 1 na robo asubuhi mwezi Desemba.

Lakini jua la utosini huvuta mvua. Joto lake hunyanyua hewa, na ukanda wa mawingu hulifuata likivuka ikweta, ukichelewa wiki kadhaa. Masika huja baada ya kuvuka kwa Machi, vuli baada ya kuvuka kwa Septemba. Ndizo nyakati ambazo kaskazi na kusi hupokezana pwani.

Ni ibada?

Stonehenge wapo wanaokwenda kwa imani yao. Amherst ni darasa: profesa huzungumza, watu huuliza, jua huchomoza, watu huenda kazini. Hata hivyo dini na mila nyingi zimeshikamana na siku hii. Pasaka huhesabiwa kwa kuichukulia Machi 21 kuwa ikwinoksi, na ni kwa sababu tarehe hiyo ilikuwa imeteleza hadi Machi 11 ndipo Papa Gregori wa 13 alipofuta siku 10 kwenye kalenda mwaka 1582. Wairani huanza mwaka wao, Nowruz, kwa dakika ya ikwinoksi ya Machi. Jina la Nairuzi, siku ya mwaka mpya ya pwani yetu, lina asili hiyohiyo. Mwaka wa zamani wa Waswahili, ulioongoza safari za majahazi na kazi za shamba, ulikuwa wa siku 365 zilizogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa kuwa haukuwa na siku ya nyongeza, ulirudi nyuma siku moja kila miaka minne, na ndiyo maana Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Zanzibar, leo uko Julai.

Ni kweli yai husimama wima siku hiyo? Na maji ya Nanyuki?

Yai husimama siku yoyote ukiwa na subira. Yale maji yanayooneshwa watalii Nanyuki, mji wa Kenya ulio kwenye ikweta, yakizunguka kulia upande mmoja wa ikweta na kushoto upande wa pili hutegemea yalivyomiminwa. Lipia kama unapenda maonesho.

Siko karibu na mawe yoyote. Nifanyeje?

Simika kijiti kilichonyooka kwenye uwanja tambarare, asubuhi ya ikwinoksi. Weka kokoto penye ncha ya kivuli, na urudie kila baada ya nusu saa hadi alasiri. Kokoto zitapangika katika mstari mnyoofu kutoka magharibi kwenda mashariki. Siku nyingine za mwaka mstari hupinda. Ukiuchora mstari huo kwenye sakafu ya saruji, utakuwa na mashariki halisi nyumbani kwako bila dira.

Kama unataka kivuli kipotee kabisa chini ya kijiti, tarehe hutegemea mji. Kampala ni siku ya ikwinoksi yenyewe, au siku moja kando yake. Nairobi ni karibu Machi 17 na Septemba 26, Mombasa karibu Machi 10 na Oktoba 3, Dar es Salaam karibu Machi 3 na Oktoba 10. Usisubiri saa sita kamili. Nairobi mwezi Machi jua hufika utosini kama saa 6:40 mchana. Dar es Salaam huwa kama saa 6:35 mwezi Machi, na kama saa 6:10 mwezi Oktoba.